Maji Hufuata Mkondo: Uhakiki wa Mchakato wa Mfuatano katika Uundaji wa Programu za Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mchakato wa mfuatano wa kuunda programu za kompyuta, unaojulikana katika uhandisi wa programu kwa jina la modeli ya maporomoko ya maji. Mchakato huu umefundishwa kwa sura mbili zinazopingana: wapo wanaoufundisha kama utaratibu wa lazima kwa kila kazi kubwa, na wapo wanaouona kuwa kosa la kihistoria lisilostahili kurudiwa. Makala yanaanza kwa kusoma upya wasilisho la Winston W. Royce la mwaka 1970, yanapima ubora na udhaifu wa mchakato kwa mifano ya miradi inayojulikana, kisha yanautazama kwa jicho la mtumiaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake huingia katika programu nyingi katika hatua ya mwisho. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya mchakato wa mfuatano imo katika ahadi iliyoandikwa, na udhaifu wake umo katika kuifunga ahadi hiyo kabla wahusika wote hawajasikilizwa. Makala yanahitimisha kwamba wataalamu wa Kiswahili wanapaswa kuingia katika hatua ya kukusanya mahitaji badala ya kusubiri hatua ya tafsiri.

1.0 Utangulizi

Kila programu ya kompyuta huanza kama haja ya mtu. Karani anataka kulipata jalada bila kupekua kabati zima. Muuguzi anataka kujua ni dawa gani imebaki stoo. Abiria anataka kununua tiketi kabla ya kufika kituoni. Kati ya haja hiyo na programu inayofanya kazi kuna shughuli nyingi: kuuliza, kuchanganua, kusanifu, kuandika msimbo, kujaribu, kukabidhi na kutunza. Swali la kale la uhandisi wa programu ni namna ya kuzipanga shughuli hizo.

Mchakato wa mfuatano hulijibu swali hilo kwa uwazi. Kila shughuli ni hatua yenye mwanzo na mwisho. Kila hatua hutoa waraka unaokaguliwa na kutiwa saini, na hatua inayofuata huanza pale iliyotangulia ilipofungwa. Mantiki yake inafanana na ya mjenzi wa nyumba: msingi hutangulia ukuta, ukuta hutangulia paa, na hakuna anayeezeka kabla ya kujua nyumba itakuwa na vyumba vingapi.

Jibu hili lilipata mvuto kwa sababu ya hali ya wakati wake. Mwezi Oktoba 1968, wataalamu wa kompyuta walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO, wakajadili kile kilichokuja kuitwa mgogoro wa programu: mifumo iliyochelewa, iliyozidi gharama, na iliyojaa makosa. Katika mazingira hayo, utaratibu wenye hatua zinazohesabika ulikuwa faraja kwa msimamizi aliyetakiwa kueleza fedha zimekwenda wapi. Ni faraja hiyo inayohitaji kuhakikiwa, kwa kuwa kinachomtuliza msimamizi si lazima kimfae mtumiaji.

2.0 Asili ya Modeli na Usomaji wa Nusu

Wazo la kuunda programu kwa hatua lilitangulia jina lake. Mwaka 1956, Herbert Benington alieleza hatua zilizotumika kuunda programu ya SAGE, mfumo mkubwa wa ulinzi wa anga wa Marekani. Maelezo hayo yalipochapishwa upya mwaka 1983, Benington aliongeza dibaji iliyotoa tahadhari muhimu: kabla ya kuufuata mpangilio ule, wahandisi wa SAGE walikuwa wamejenga mfano wa majaribio. Mfuatano uliosomwa na wengi kama mwanzo wa kazi ulikuwa, kwa kweli, mzunguko wa pili.

Hata hivyo, anayetajwa zaidi kama baba wa modeli hii ni Winston W. Royce. Katika wasilisho alilolitoa Los Angeles mwezi Agosti 1970, Royce, aliyekuwa na uzoefu wa programu za safari za vyombo vya anga, alichora hatua saba zinazoshuka kama ngazi: mahitaji ya mfumo, mahitaji ya programu, uchanganuzi, usanifu, uandishi wa msimbo, majaribio na uendeshaji. Mchoro huo ulinakiliwa katika vitabu vingi vya kiada. Neno maporomoko halimo katika wasilisho lake. Lilikuja baadaye, katika makala ya Bell na Thayer ya mwaka 1976.

Maneno yaliyofuata mchoro hayakupata bahati ya kunakiliwa kama mchoro wenyewe. Mara baada ya kuzichora hatua hizo, Royce anakiri kuwa analiamini wazo lenyewe, lakini anaonya kwamba kulitekeleza kwa namna hiyo ni hatari na kunaalika kushindwa. Sababu anayoitoa ni ya kiufundi na iko wazi. Majaribio yanakuja mwishoni, na ni hapo kwa mara ya kwanza ambapo muda wa utendaji, nafasi ya kuhifadhi data na upitishaji wa taarifa vinashuhudiwa vikitokea, baada ya kukisiwa tu katika karatasi. Yakionekana makosa makubwa wakati huo, usanifu hubadilika, na pengine mahitaji yenyewe hubadilika. Katika hali hiyo, Royce anakadiria kuwa muda au gharama inaweza kuongezeka kwa hadi asilimia 100.

Kwa msingi huo, Royce anapendekeza marekebisho matano: usanifu wa awali utangulie uchanganuzi, usanifu uandikwe kikamilifu, kazi ifanywe mara mbili, majaribio yapangwe na kusimamiwa, na mteja ashirikishwe rasmi kabla ya makabidhiano. Kuhusu kuifanya kazi mara mbili, anatoa mfano wa mradi wa miezi 30 ambao ungetenga miezi 10 kwa ajili ya mfano wa majaribio.

Kutokana na ushahidi huu, imekuwa kawaida kwa wahakiki wa siku za karibuni kumtetea Royce kwa kudai kuwa aliupinga mchakato anaosifiwa kuuanzisha. Utetezi huo nao ni usomaji wa nusu. Royce hakupendekeza mizunguko mingi mifupi, wala hakudharau nyaraka. Kinyume chake, anasema kifaa cha dola milioni 5 kinaweza kuagizwa kwa maelezo ya kurasa 30, lakini programu ya thamani hiyo hiyo inahitaji maelezo ya kurasa zipatazo 1,500. Huyu ni mtu aliyeuamini mfuatano na kuuhofia kwa wakati mmoja. Waliochukua mchoro wakaacha onyo walikosea. Waliochukua onyo wakaacha kurasa 1,500 wamekosea vilevile. Uhakiki wa haki unapaswa kuvishika vyote viwili.

Usomaji wa kwanza ndio uliopata nguvu ya sheria. Mwaka 1985, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kiwango kilichoitwa DOD-STD-2167, ambacho wakandarasi wengi walikielewa na kukitekeleza kama agizo la kufuata hatua moja baada ya nyingine. Kiwango hicho kilirekebishwa mwaka 1988, na mwaka 1994 kikapisha MIL-STD-498, kilichoruhusu waziwazi kujenga kwa awamu. Kwa takriban muongo mmoja, mchoro uliotolewa pamoja na onyo lake ulitawala mikataba bila onyo hilo.

3.0 Ubora wa Mchakato wa Mfuatano

Ubora wa kwanza ni kwamba mchakato huu unalazimisha kufikiri kabla ya kutenda. Mwandishi wa programu, kama fundi mwingine yeyote, huvutwa na zana zake. Hutamani kuanza kuandika msimbo kabla hajajua msimbo huo unamtumikia nani. Barry Boehm, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu uchumi wa uhandisi wa programu, alionyesha kuwa katika mifumo mikubwa, kosa la mahitaji linalogunduliwa wakati programu inatumika linaweza kugharimu hadi mara 100 ya gharama ya kulirekebisha mwanzoni. Katika miradi midogo, tofauti aliyoionyesha ilikuwa ndogo zaidi, ya mara nne hivi. Takwimu hizo zimejadiliwa sana tangu wakati huo, lakini mwelekeo wake haupingiki kirahisi: swali linaloulizwa mapema ni rahisi kuliko swali lililochelewa.

Ubora wa pili ni kumbukumbu. Mradi wa programu huishi muda mrefu kuliko ajira za walioujenga. Anayeondoka huondoka na sababu za maamuzi yake, na anayerithi msimbo bila nyaraka hurithi nyumba isiyo na ramani: anaogopa kubomoa ukuta wowote asije akaangusha paa. Mchakato wa mfuatano, kwa kuifanya kila hatua izae waraka, huacha nyuma maelezo ya nini kilitakiwa na kwa nini.

Ubora wa tatu unahusu uwajibikaji. Waraka wa mahitaji uliotiwa saini ni kipimo kinachoweza kutumiwa na pande zote mbili. Mteja anaweza kudai alichoahidiwa. Mkandarasi anaweza kukataa kazi ya ziada isiyolipiwa. Mkaguzi anaweza kulinganisha kilichonunuliwa na kilichopokelewa. Katika taasisi za umma, ambako bajeti huidhinishwa kabla ya kazi kuanza na zabuni hutangazwa kwa masharti yaliyoandikwa, sifa hii ina uzito wa kisheria.

Ubora wa nne huonekana pale ambapo mahitaji yanajulikana na hayatarajiwi kubadilika, na ambapo kosa linaweza kuua. Programu inayoongoza mashine ya tiba kwa mionzi au breki za treni haiwezi kujifunza kwa kukosea mbele ya watumiaji wake. Katika nyanja hizo, uthibitisho wa maandishi kwamba kila hitaji limesanifiwa na kujaribiwa ni sehemu ya usalama wenyewe.

Ubora huu wote unatokana na chanzo kimoja: mchakato wa mfuatano huligeuza neno kuwa ahadi. Kilichoandikwa katika hatua ya kwanza kina nguvu juu ya hatua zote zinazofuata. Hapo ndipo ilipo fadhila yake, na hapo hapo ndipo dosari yake inapoanzia.

4.0 Udhaifu wa Mchakato wa Mfuatano

Udhaifu wa msingi ni dhana kwamba maarifa yanaweza kukamilika kabla ya kazi. Mteja anaulizwa anataka nini wakati hajaona kitu chochote. Anajibu kwa kadiri ya mazoea yake, anapokea waraka mnene ulioandikwa kwa lugha ya kitaalamu, anautia saini. Anapoiona programu miaka miwili baadaye, ndipo anapojua alichotaka. Wakati huo mlango umefungwa, na saini yake inatumiwa dhidi yake. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Jina la maporomoko limesadifu kuliko walivyokusudia waliolibuni.

Mradi wa Virtual Case File wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ni kielelezo kinachojulikana. Mradi huo ulioanza mwaka 2001 ulikusudia kuziingiza kumbukumbu za kesi katika mfumo mmoja wa kompyuta, na waraka wake wa mahitaji ulifikia kurasa zipatazo 800. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka huo, kazi ya shirika ilibadilika na mahitaji yakaendelea kubadilika, huku mpango ukiwa ni kuhamia katika mfumo mpya kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2005 mradi uliachwa, ukiwa umekwisha kugharimu takriban dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ulisuasua hadi mwaka 2010, shirika lilipoichukua kazi mikononi mwake likitumia kikundi kidogo na mizunguko mifupi. Mfumo ulianza kutumika mwaka 2012. Kisa hiki hakithibitishi kwamba mfuatano pekee ndio ulioangusha mradi, kwani usimamizi nao ulilaumiwa. Kinathibitisha kwamba wingi wa kurasa haumkingi mtu na mabadiliko ya dunia.

Udhaifu wa pili ni kwamba mchakato huu hupima utiifu kwa waraka, nao waraka unaweza kukosea. Roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliporushwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996, ililipuka kabla ya dakika moja kwisha. Sehemu ya programu ya kuelekeza chombo ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, na mwenendo wa safari ya Ariane 5 haukuwa umeingizwa katika mahitaji ya kifaa hicho. Namba moja ilizidi nafasi iliyotengewa, na kifaa kikazima. Msimbo haukuvunja agizo lolote lililoandikwa. Tatizo lilikuwa katika jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Mchakato unaouliza kama hatua hii imeitii hatua iliyotangulia hauna mahali rasmi pa kuuliza kama hatua iliyotangulia ilikuwa sahihi.

Udhaifu wa tatu ni kwamba mchakato haufanani na namna watu wanavyofanya kazi. Hata programu ya chombo cha anga cha Marekani, inayotajwa mara kwa mara kama kilele cha nidhamu ya uhandisi, haikuundwa kwa mteremko mmoja: kati ya mwaka 1977 na 1980 programu yake kuu ilitolewa kwa mizunguko 17 katika miezi 31, kwa kuwa mahitaji yalikuwa yakibadilika wakati wa kazi. Frederick Brooks naye, aliyeshauri mwaka 1975 kwamba mfumo wa kwanza upangwe kutupwa, alirudi katika toleo la mwaka 1995 na kusema kwamba ushauri wake wenyewe ulikuwa umebeba kosa la kuiamini modeli ya maporomoko.

Katika mjadala huu, hoja ya David Parnas na Paul Clements ya mwaka 1986 inastahili nafasi ya pekee. Wao walikubali kwamba hakuna mradi unaofuata mantiki kamili kutoka mahitaji hadi msimbo, lakini wakasisitiza kuwa nyaraka ziandikwe kana kwamba ulifuata. Wasomi wa fani za lugha hawatashangaa. Mwandishi wa tasnifu huandika sura ya kwanza mara nyingi, na aghalabu utangulizi hukamilika baada ya hitimisho. Msomaji hupewa kazi iliyonyooka kutoka tatizo la utafiti hadi mapendekezo. Mpangilio wa kugundua na mpangilio wa kueleza ni mambo mawili. Kosa la mchakato wa mfuatano ni kuuchukua mpangilio wa kueleza, ambao ni mzuri, na kuulazimisha uwe mpangilio wa kugundua.

5.0 Kiswahili katika Hatua ya Mwisho

Kufikia hapa mjadala umewahusu wateja walioulizwa mapema mno. Lipo kundi lingine ambalo haliulizwi kabisa. Programu nyingi zinazotumiwa Afrika Mashariki husanifiwa na kuandikwa kwa misingi ya Kiingereza, kisha maneno yake hukusanywa katika orodha na kukabidhiwa wafasiri. Kwa mtazamo wa mfuatano, Kiswahili huingia baada ya mahitaji, usanifu na msimbo kufungwa. Mfasiri ni mtu wa mwisho katika mkondo, naye hupokea maji jinsi yalivyo.

Athari za mpangilio huo zinaonekana katika sarufi. Chukuliwe mfano wa ujumbe unaomwarifu mtumiaji kuwa kitu kimefutwa. Kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki kwa kufuata jina katika muktadha huo, msanifu huandaa kiolezo kimoja chenye nafasi tupu, na jina la kitu chochote huchomekwa hapo. Kiswahili hakikubali uchomekaji huo. Picha imefutwa, lakini ujumbe umefutwa, jedwali limefutwa, kiungo kimefutwa na mtumiaji amefutwa. Katika wingi, picha zimefutwa, majedwali yamefutwa, viungo vimefutwa na watumiaji wamefutwa. Sifa nayo hufuata mkondo huo: neno moja lililohifadhiwa mara moja katika msimbo linahitajika kuwa mpya kwa picha, jipya kwa jedwali na kipya kwa kiungo. Zana za kawaida za ujanibishaji huweza kutofautisha umoja na wingi, lakini kutofautisha umoja na wingi hakutatui tatizo la ngeli.

Mfasiri anayekutana na kiolezo hicho ana njia tatu. Anaweza kuchagua upatanisho wa ngeli moja na kuacha ngeli nyingine zikosee. Anaweza kuivunja sentensi ili jina na kitenzi vitenganishwe kwa nukta mbili, na Kiswahili kisomeke kama orodha ya bidhaa. Au anaweza kuomba kiolezo kibadilishwe, ambalo ni ombi la kuufungua upya usanifu. Njia ya tatu ndiyo sahihi, na ndiyo inayokutana na mkunjo wa gharama alioueleza Boehm: jambo ambalo mwanzoni lingehitaji sentensi moja katika waraka wa mahitaji, kwamba kila ujumbe uandikwe kama sentensi kamili kwa kila aina ya kitu, mwishoni linahitaji kugusa msimbo mahali pengi. Kwa sababu hiyo, aghalabu halifanyiki.

Hesabu ya saa inatoa mfano wa pili. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeambiwa saa moja asubuhi anaelewa wakati ambao saa ya kompyuta huuonyesha kama 7:00. Programu inayosoma muda kwa sauti, au inayopokea miadi kwa maandishi ya kawaida, haiwezi kutatua tofauti hii kwa kubadilisha maneno pekee. Inapaswa kujua, tangu usanifu, kwamba hesabu ya saa inaweza kuanzia mapambazuko. Kosa la namna hii katika miadi ya kliniki linamgharimu mgonjwa saa sita.

Haya hayapunguzi thamani ya kazi za ujanibishaji zilizokwisha kufanyika. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kuwa istilahi za kompyuta za Kiswahili zinaweza kuundwa na kutumika. Lakini istilahi ni sehemu moja tu ya lugha. Programu inaweza kuwa na istilahi sanifu kwa kila kitufe na bado izungumze Kiswahili kibovu, kwa sababu sarufi yake ilikwisha kuamuliwa na mtu asiyejua kuwa kuna ngeli.

6.0 Je, Kuzunguka Kunatosha?

Tiba iliyopendekezwa dhidi ya udhaifu wa mfuatano ni kazi ya mizunguko. Boehm aliieleza modeli ya mzunguko wa pia katika makala ya mwaka 1988, ambamo kila mzunguko huanza kwa kupima hatari kubwa iliyobaki. Mwezi Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa ilani ya uundaji mwepesi wa programu, iliyotanguliza programu inayofanya kazi, ushirikiano na mteja na kukubali mabadiliko. Faida yake haina ubishi: mteja huona mapema, husema mapema, na kosa hurudishwa lilikotoka kabla halijaota mizizi.

Hata hivyo, kwa mtumiaji wa Kiswahili tiba hii ina hatari yake, ambayo mijadala mingi huipita. Katika kazi ya mizunguko, kila mzunguko huanza kwa kuchagua kipi kifanywe sasa na kipi kisubiri. Anayechagua huangalia watumiaji wengi zaidi, au wanaolipa zaidi. Hitaji la lugha yenye soko dogo haliandikwi kuwa limekataliwa; huandikwa kuwa litafanywa katika mzunguko ujao, na mzunguko ujao huja na vipaumbele vyake. Kiswahili kinaweza kuahirishwa hivyo kwa miaka bila mtu yeyote kuvunja ahadi, kwa kuwa hakuna ahadi iliyoandikwa.

Hapa ndipo ubora wa mchakato wa mfuatano unapojitokeza upya. Mhusika mwenye nguvu hahitaji waraka, kwa kuwa sauti yake husikika katika kila kikao. Mhusika dhaifu ndiye anayehitaji hitaji lake liandikwe, litiwe saini na liwe sharti la kukubali kazi. Taasisi ya umma inayonunua mfumo wa kuhudumia wananchi, ikiandika katika zabuni kwamba upatanisho wa ngeli na hesabu ya saa ya Kiswahili ni masharti ya makabidhiano, imempa mwananchi kinga ambayo mizunguko peke yake haimhakikishii. Kwa upande mwingine, masharti hayo yakiandikwa na watu wasiojua lugha, kisha yakafungwa, kosa lao litakuwa na kinga hiyo hiyo.

Inadhihirika, basi, kwamba ugomvi kati ya mfuatano na mizunguko umewekwa mahali pasipo. Kila upande unajibu swali lake. Mfuatano unauliza ni nini kimeahidiwa. Mizunguko inauliza ni nini kimejulikana tangu ahadi ilipotolewa. Mradi unaojiuliza swali la kwanza tu huishia kukabidhi programu inayotii waraka na isiyomfaa mtu. Mradi unaojiuliza la pili tu hujifunza kila siku kutoka kwa wale wale walioko karibu na meza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba modeli ya maporomoko ya maji ilienea kwa njia ya mchoro uliotenganishwa na maelezo yake, na kwamba sifa na lawama inazopewa mara nyingi hutokana na usomaji huo wa nusu. Ubora wake ni nidhamu ya kufikiri mapema, kumbukumbu, uwajibikaji na usalama pale mahitaji yanapotulia. Udhaifu wake ni kudhani kwamba maarifa hukamilika kabla ya kazi, kupima utiifu badala ya ukweli, na kuwaacha walioko mwisho wa mkondo bila njia ya kurudi juu.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wanaofundisha uhandisi wa programu katika vyuo vya ukanda huu wafundishe wasilisho la Royce pamoja na marekebisho yake matano, badala ya mchoro peke yake. Pili, nyaraka za zabuni za mifumo ya umma ziwe na sehemu ya mahitaji ya lugha iliyoandaliwa na wataalamu wa isimu, na mkataba uweke vipindi maalumu vya kuifungua upya sehemu hiyo baada ya watumiaji kuuona mfano wa majaribio. Tatu, wataalamu wa Kiswahili waongeze, juu ya kazi ya kuunda istilahi, kazi ya kueleza sarufi kwa namna ambayo msanifu wa programu anaweza kuitumia: jedwali la viambishi vya upatanisho lililo wazi lina manufaa kwake kuliko orodha ndefu ya maneno mapya.

Maji hufuata mkondo, na mkondo huchimbwa mapema. Lugha isiyokuwapo wakati wa kuchimba itaendelea kuletewa maji ya wengine, kwa vipimo vya wengine, hata kama kila neno lililoandikwa kwenye ndoo ni la Kiswahili sanifu.